Kuondoa ukoko wa maji magumu kwenye bomba na kioo

Umeuliza kwa nini ukoko mweupe ulioshika bomba na kioo cha bafuni hautoki hata ukisuguliwa kwa sabuni. Huo si uchafu wa mafuta bali ni chokaa, yaani kalisi kaboneti inayobaki maji magumu, yaani maji yenye madini mengi, yanapokauka, nayo huyeyushwa na asidi. Sabuni ikikutana na maji hayo huganda na kuongeza utando juu ya utando.

Tumia siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi ya kiasi cha asilimia 5. Loweka kitambaa, ukizungushe kwenye shingo ya bomba pale ukoko uliponenepa, kisha ukiache kwa nusu saa hivi. Utaona vipovu vidogo vikitoka, na hiyo ni dalili kwamba chokaa inaachia. Sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza, ukaushe. Waya wa kusugulia sufuria uache jikoni, kwa maana mikwaruzo yake ndiyo itakayoshika ukoko mpya. Ukoko kama huo ukiwa ndani ya birika, chemsha humo maji na siki nusu kwa nusu, au tumia maji ya limau ikiwa harufu ya siki inakukera, kama inavyonikera mimi.

Siki isiguse marumaru wala jiwe lolote la chokaa, kwa kuwa litalika vilevile, na kamwe usiichanganye na dawa ya klorini, maana hutoa gesi ya sumu. Kioo ukikikausha kila baada ya kuoga, kazi hii utaifanya mara chache.