Nimfungie ndani mwanangu anayevuta unga?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mwanangu wa pili, kondakta wa daladala, anavuta unga, hii heroini, tangu mwaka juzi. Mtungi wa gesi kauza, juzi kaiba simu ya dada yake. Shemeji yangu anasema tumfungie chumbani wiki mbili arosto imwishe, kisha tumpeleke Korogwe kwa babu yake. Atapona?
Mama J., Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usimfungie.

Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ataivuka. Atapiga miayo, makamasi yatamchuruzika, vinyweleo vitamsimama, ataharisha na kulia mifupa inamuuma. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki hivi atatulia, atakula, atalala, nanyi mtashukuru Mungu. Mimi ndipo ninapoogopa. Mwili umeshausahau unga, lakini hamu iko palepale. Siku atakayorudi kijiweni akatumia kiasi kilekile cha zamani, pumzi itakata. Vijana wengi waliokuwa wakivuta hufa hivyo wakitoka jela.

Mpeleke kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga na kuzuia arosto. Ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, ambayo kwako ni jirani. Ulizeni utaratibu wa kusajiliwa. Dawa ni ya maji, hailipiwi, na anainywa kila siku mbele ya muuguzi. Nilipokuwa dirishani nikigawa dawa hiyo, mgonjwa akishameza nilimsemesha, nihakikishe hakuificha mdomoni akaiuze nje.

Dozi huanza ndogo ikapandishwa taratibu, kwa hiyo wiki za mwanzo bado atasumbuka. Msimkatie tamaa hapo. Asichanganye na pombe wala vidonge vya kutuliza kama valiamu, mchanganyiko huo unaua. Watu watakwambia ameacha ulevi mmoja kashika mwingine, waache waseme. Nimewaona vijana wakiinywa kwa miaka, wanafanya kazi, wanalea. Kinachowashinda wengi ni nauli ya kila siku. Wako ni kondakta, ongea na wenzake wambebe.

Ukimkuta anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme wazi katumia unga. Ipo sindano ya kumzindua. Msimnyweshe maziwa, yatampalia.

Nendeni asubuhi, na huyo shemeji yako aende pia, akasikie kwa masikio yake.