Maswali yenu kuhusu viti vya ofisi

"Nitajie kiti kizuri cha ofisi." (Wengi, kila wiki)

Siwezi, mpaka uniambie urefu wako, kimo cha meza yako na saa unazokaa kwa siku. Swali hili nimeshalijibu vya kutosha.

"Nimeona kiti cha bosi Kariakoo, mgongo mrefu, ngozi nyeusi, kinalalia nyuma. Mimi ni mhasibu, nakaa kutwa. Nichukue?"

Usichukue. Kiti hicho kinamfaa anayepokea wageni. Anayeandika kinamtesa, maana kikalio chake ni kirefu mno: ukiegemea, ukingo wa mbele unakubana nyuma ya magoti, ukisogea mbele usibanwe, kiuno kinabaki hewani. Mwisho wake unashinda umejikunja ukingoni, na ule mgongo mrefu ulioulipia huugusi. Kabla hujauliza bei, kaa, egemea kabisa, kisha pitisha vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vipite viwili au vitatu. Visipopita, inuka uende duka la pili. Vikipita, angalia kama egemeo linajaza pale kiuno kinapoingia ndani, na kama mikono ya kiti inashuka hadi viwiko vikae bila mabega kupanda. Na ngozi hiyo mara nyingi ni reksini tu. Kwa joto la Dar utalowa jasho kabla ya chai ya saa nne.

Hapa nina neno na mameneja. Kiti cha maana kinawekwa chumba cha mkurugenzi, ambaye nusu ya siku yuko vikaoni, huku katibu muhtasi anayechapa tangu saa mbili amepewa kiti cha plastiki na mto wa kutoka nyumbani kwake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na mgongo nao ni afya. Gaweni viti kwa saa za kukaa, vyeo viacheni kwenye kadi.

"Neti au sponji?"

Kwa mtu wa Pwani, neti. Sponji ibonyeze kwa ngumi. Ukigusa ubao, kiache hapo hapo.

"Nimepata Aeron ya mtumba. Ni kweli ina saizi?"

Kweli. Tangu ilipotoka 1994, kampuni ya Herman Miller inakitengeneza kiti hiki kwa saizi tatu: A, B na C. Pitisha vidole nyuma ya ukingo wa juu wa egemeo utagusa vinundu: kimoja ni A, viwili B, vitatu C. Usipuuze, kwa sababu kina cha kikalio chake hakirekebishwi. Mtumba wa aina hii, neti ikiwa nzima na bomba la gesi la kupandishia kiti likiwa linashika, mimi nauchagua kuliko kiti kipya cha bei ya chini. Ila kagua miguu mitano kama ina nyufa, na kama ofisi yako ina vigae, uliza magurudumu laini. Yale magumu ni ya zulia.

"Kiti changu kinashuka chenyewe. Fundi anataka kukichomelea."

Mzuie! Bomba lile lina gesi iliyoshindiliwa. Kulichoma moto au kulitoboa kunaweza kumuumiza vibaya. Mwambie alitoe zima zima, mkatafute jipya la urefu na unene ule ule.

"Mimi mfupi, miguu inaning'inia."

Usishushe kiti ukaanza kuchapa mabega yakiwa masikioni. Kiache kwenye kimo cha meza, mwombe seremala kijukwaa cha kuwekea miguu.

"Nimenunua kiti cha laki saba, shingo na mgongo bado vinauma."

Unatumia kompyuta mpakato, sivyo? Kiti hakiwezi kuinua kioo. Kipandishe juu ya kitu imara mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, kisha nunua kibodi na mausi za pembeni. Bila hivyo utakuwa unachapa mikono juu kama unapaka rangi. Na simama kila nusu saa, hata kama kiti ni cha mamilioni. Ila ukiona ganzi au maumivu yanashuka mguuni, acha kutafuta kiti kingine. Nenda hospitali wiki hii.