Mshale wa oili ukilala: maswali ya wenye magari ya zamani

Barua za wiki hii nyingi ni za wenye Datsun 240Z na MGB, na karibu zote zinalia na geji ya presha ya oili.

Habari ya kazi, fundi. 240Z yangu ya 1972 ikishapata moto, nikisimama kwenye taa mshale wa oili unalala karibu na sifuri. Nikiondoka unapanda. Nishushe injini? (Nairobi)

Usishushe chochote, ndugu yangu. Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda polepole, pampu nayo inasukuma kidogo, na oili ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo mshale lazima ushuke. Mafundi wengi tunashika kipimo cha pauni 10 za presha (kwa inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika ya injini iliyopata moto.

Tena geji ya 240Z ni ya umeme. Kati ya oili na mshale kuna sensa na waya vyenye umri wa miaka hamsini. Nimewahi kuona injini nzima ikifumuliwa, beringi (vyuma laini ambamo krenki huzunguka) zikakutwa safi, kumbe iliyokufa ni sensa. Inaniuma mpaka leo, maana ile injini haikuwa imeguswa tangu itoke Japani.

Azima geji isiyotumia umeme, ile yenye mpira unaoileta oili yenyewe mpaka kwenye geji. Fungua sensa, iko upande wa kulia wa injini, jirani na filta, uifunge geji hapo. Angalia tredi: za Datsun ni 28 kwa inchi, lakini viungo vingi vya Kimarekani ni 27. Kitaingia mizunguko miwili kisha kikaze. Ukilazimisha, umeharibu tundu la bloku, mwili wa injini. Endesha nusu saa ndipo usome. Ukipata pauni 10 hadi 15 ukiwa umesimama, na 40 au zaidi kwenye mizunguko 3,000, nunua sensa tu. Hii ni injini ngumu. Gari hili ndilo lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973.

Shikamoo fundi. MGB aliyoniachia marehemu baba, ya 1969, haivuki pauni 40 barabarani. Fundi anataka kuongeza washa (kipete cha chuma) kwenye springi ya valvu ya oili. Nimruhusu? (Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Asiweke kwanza. Kazi ya valvu ile ni kurudisha oili iliyozidi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kama beringi zimelika, valvu imeshajifunga yenyewe, na washa haitaongeza kitu.

Linganisha vipimo viwili. MGB nzima, ikiwa ya moto, husoma pauni 50 hadi 80 ikitembea na 10 hadi 25 ikisimama. Yako ikiwa na 20 ikisimama lakini inagomea 40 barabarani, naishuku valvu: fungua ile nati ya kofia iliyo kushoto, nyuma ya bloku, utazame kama kuna uchafu, na upime springi. Ikiwa nzima ina urefu wa milimita 76. Ikiwa imefupika, weka mpya. Vipimo vyote viwili vikiwa chini, tafuta kwenye pampu na beringi.

Nimeambiwa nitie oili nzito zaidi kwenye 240Z, na kweli mshale umepanda. Nimepona? (Arusha)

Hapana. Oili nzito hupita kwa shida, ndiyo maana presha inapanda, lakini beringi iliyolika imebaki vile vile. Nakuomba uvute kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, kabureta inafurika au mpira wa ndani wa pampu ya petroli umepasuka, nayo petroli imeshuka na kuifanya oili kuwa nyepesi kama maji. Rekebisha hapo, mwaga oili yote, weka mpya pamoja na filta.

Mshale unaanguka kwenye kona tu, nikishuka Lushoto. (Tanga)

Oili imepungua, inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Jaza mpaka alama ya juu leo hii, kabla hujatoka tena.

Nimepima 240Z yangu kwa geji ya mpira: pauni 5 ikisimama, 18 kwenye mizunguko 3,000. Nianzie wapi? (Kampala)

Zima gari, usiliendeshe tena hata kwenda gereji, livutwe. Kisha pasua filta, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona vipande vinavyong'aa, beringi zinalika: shusha sampu, fungua kofia moja ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki), na rangi ya shaba ikishajitokeza kwenye beringi, injini inafunguliwa yote.

Filta ikiwa safi, anza na pampu, maana kwenye 240Z inatoka kwa chini bila kufumua injini. Ila mhimili wake ndio unaozungusha distributa, inayogawa umeme kwa plagi, kwa hiyo weka silinda ya kwanza juu kabisa na utie alama kabla ya kuivuta. Wakati wa kurudisha, ijaze pampu oili, chomoa waya wa koili, piga stata mpaka mshale unyanyuke, ndipo uwashe.