Wasomaji Wanauliza: Shangazi alifanya kazi nyingi, niandike zipi?

SWALI

Ndugu Mhariri, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifariki mwaka jana akiwa amevuka miaka 70, na familia inaandaa ibada ya kumbukumbu yake hapa Muheza. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu. Shangazi alianza kwa kufundisha kisomo akiwa bado msichana, akawa karani wa tiketi kwenye reli, akaacha ajira katika miaka ya 1980 na kuwa mama ntilie karibu na stesheni ya Korogwe, baadaye akashona sare za shule, na uzeeni alikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Baba mdogo anataka tutaje ualimu na reli peke yake, kwa kuwa anaona hayo mengine yatamshusha marehemu mbele ya watu. Lakini mimi nimesomeshwa kwa fedha za kibanda kile. Tena tarehe nyingi hatuna. Nifanyeje?

Msomaji, Muheza

JIBU

Ndugu msomaji, tunakupa pole wewe na familia nzima. Tuanze na lile linalokusumbua zaidi: kibanda kisiachwe. Ukikiondoa, utabaki na mwanamke aliyefanya kazi ofisini miaka kadhaa kisha akatoweka, na wasikilizaji wako, ambao wengi wao wamekula chakula chake, watakaa wakijiuliza wasifu unaosomwa ni wa nani.

Hata hivyo usiandike orodha. Wasifu mwingi tunaousikia misibani hufuata mtiririko uleule wa alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, na kwa mtu aliyebadili kazi mara nyingi mtiririko huo humfanya aonekane kama aliyekuwa akitangatanga. Kinachomrudishia heshima yake ni sababu ya kila badiliko, na sababu hizo kwa sehemu kubwa zimo katika historia ya nchi. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vijana waliomaliza shule wakaitwa kufundisha wazazi wao kusoma na kuandika jioni, baada ya kazi za shamba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikusanyika vikundi kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ulizia kama shangazi aliongoza kikundi cha namna hiyo. Wazee waliosoma kwake wapo, na mmoja akikueleza namna binti huyo alivyomshika mkono kuandika jina lake kwa mara ya kwanza, utakuwa umepata aya nzima ambayo hakuna cheti kingeweza kukupa.

Kuhusu reli, kama aliajiriwa kabla ya 1977, mwajiri wake wa kwanza alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, makarani wengi walijikuta ni watumishi wa Shirika la Reli Tanzania bila kuhama hata dirisha. Eleza kazi yenyewe: zile tiketi ndogo za kadi ngumu zilizogongwa tarehe kwa mashine, hesabu za kufunga jioni, na senti iliyopungua ambayo karani aliilipa mwenyewe. Wajukuu hawajawahi kuziona tiketi hizo, na watasikiliza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kibanda, na hapa usiharakishe. Katika miaka ya 1980 sabuni, sukari na mafuta vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana, bei zikapanda, na mshahara wa karani haukuweza kuzifuata. Katikati ya miaka hiyohiyo Serikali ilirudisha ada za shule. Kwa familia nyingi za mijini, mradi wa mama, uwe maandazi, kuku au wali na maharage, ndio uliolisha nyumba huku mshahara ukiishia kwenye nauli. Shangazi yako hakuanguka kutoka ofisini. Alipiga hesabu akaona dirisha la tiketi halitawasomesha, akachagua jiko la mkaa lililopaswa kuwaka kabla ya alfajiri ili supu na chapati viwe tayari abiria na wapakizi wanapofika. Muulize mtu aliyemsaidia pale kuhusu daftari la madeni, kwa maana hakuna mama ntilie wa stesheni asiyekuwa nalo: nani alikula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, nani alisamehewa. Kama daftari lenyewe limesalia ndani ya sanduku lake, soma ukurasa mmoja hadharani, ila majina ya wadaiwa yaruke.

Ukiyatazama hayo yote kwa pamoja utagundua kuwa mkono ni mmoja. Aliyewafundisha watu wazima kuandika tarakimu ndiye aliyefunga hesabu za tiketi, akaandika daftari la kibandani, akapima vitambaa vya sare, na mwishowe akaaminiwa vitabu vya kikundi, ambako sanduku la fedha kwa kawaida huwa na kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Ushonaji, kwa maoni yetu, unatosha sentensi mbili.

Tarehe usizibuni. Tumia matukio ambayo kila mzee anayakumbuka: akisema shangazi alikuwa bado karani vita vya Kagera vilipoanza, umepata Oktoba 1978, akisema alifungua kibanda Mwalimu alipokuwa amekwisha kumwachia urais Mzee Mwinyi, uko baada ya Novemba 1985. Angalia pia nyuma ya picha za zamani, barua ya ajira, karatasi za mafao na kadi za uanachama. Palipo na shaka andika “mwanzoni mwa miaka ya 1980” na uendelee. Sifa kama mcheshi, mkarimu na mpenda watu ziache kabisa, isipokuwa una kisa cha kuzithibitisha, kwa kuwa zinasomwa katika kila msiba.

Kwa baba mdogo, nenda mapema, siku nyingi kabla ya ibada, tena peke yako. Usimpelekee maandishi yaliyokamilika. Mwombe akusimulie jinsi dada yake alivyoiacha reli, na wewe uandike anavyosema. Huenda anaona haya kwa sababu anakumbuka maneno ya watu wa wakati ule, naye ana haki ya kusikilizwa. Akisharidhika, mpe sehemu ya utoto wao aisome mwenyewe, wewe usome iliyobaki, na zote mbili zisizidi kurasa mbili, kwa kuwa watu watakuwa wamesimama juani.