Mwanangu, kuhusu ile saa

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Eti mwenzako wa hosteli kakwambia uhai ulijitokeza tu wenyewe, na ulimwengu ziko nyingi kibao huu wetu ni ule uliobahatika, sasa baba kama ni hivyo maisha yana maana gani.

Nianze na saa maana ndo kazi yangu. Kuna kasisi wa Kiingereza, William Paley, mwaka 1802 aliandika kwamba ukiikuta saa porini utajua tu ina aliyeitengeneza, basi na viumbe vivyo hivyo. Hoja tamu, ila miaka yote nafungua saa sijaona iliyozaa. Viumbe vinazaana na watoto wanatofautiana, wanaofaa mazingira ndo wanabaki na kuzaa zaidi, hapo ndo Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, alipoingilia.

Halafu Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, akaja na mkia wa bakteria, una kama mota, anasema ukitoa kipuri kimoja haifanyi kazi, sawa na mtego wa panya, kwa hiyo haikujengeka kidogo kidogo, kuna aliyeibuni. Wakamjibu kwamba baadhi ya protini zake zinafanana na za kisindano ambacho bakteria wengine wanadungia seli, yaani spea ya kazi nyingine. Mi sishangai, juzi saa ya ukutani ya mteja, kichuma cha betri kimeliwa na kutu, nikaweka springi ya peni, inatembea mpaka leo. (Utasema lakini baba fundi si ulikuwepo, haya, hapo umenipata.) 2005 kesi ya kufundisha shuleni hoja hiyo ya mbunifu ikafika mahakamani Pennsylvania, huko huko Marekani, jaji akasema hiyo si sayansi, isifundishwe kama sayansi.

Ila mwenzako naye asikutambie. Mkemia Stanley Miller 1953 alipiga cheche kwenye chupa za gesi na maji akapata amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, kiumbe hai hakupata, na hadi leo hajapata mtu. Na hizo ulimwengu nyingine nani kaziona? Ni hesabu za wataalamu, naye anaamini asichokiona kama mimi tu.

Mi naswali, ila Mungu wangu sijamuweka kwenye pengo la sayansi, likizibwa ntamhamishia wapi?

Na hiyo maana, we unaitafuta kiwandani. Saa ya bibi yako ilitoka huko na wenzake kibao, hakuna aliyemuwaza bibi, lakini babu ndo alimvalisha siku ya ndoa, na mashine ilivyokufa akaendelea kuivaa, ukimuuliza saa ngapi anachungulia jua.

Yako umesema inachelewa, usimpe fundi wa hapo chuoni, njoo nayo Desemba.

Baba yako