Namba za NTU zinaruka? Angalia kioo na viputo kabla ya kulaumu mashine

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya ziwa ya bidoni moja, hapa Goma, yanakupa 3,1, halafu 1,4, halafu 2,2 NTU (kipimo cha tope ndani ya maji), na kama mashine ya kupima tope imekufa. Usinunue kitu kwanza. Mashine inapiga mwanga ndani ya maji na kusoma ule unaotawanyika pembeni, kwa nyuzi 90. Haijui tope ni nini: alama ya kidole, mkwaruzo na kiputo cha hewa vyote inavihesabu. Kwa maji ya mto yenye NTU 80 hutaona tofauti, lakini kwa maji maangavu ya Kivu makosa hayo yanaweza kuzidi tope lenyewe.

Kuveti, ile chupa ndogo ya kioo inayoingia ndani ya mashine, ishikwe kwenye kifuniko tu. Vumbi la mawe ya volkano linakwaruza, basi suuza kabla ya kufuta, usifute kavu. Isuuze mara mbili au tatu kwa maji yale yale unayopima, jaza hadi mstari, kausha nje, tia tone moja la mafuta ya silikoni, kisha pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi mpaka kioo kionekane kikavu. Mafuta yanafunika mikwaruzo midogo. Ile inayoonekana kwa jicho, tupa kuveti. Kisha tafuta upande wake mzuri: weka maji safi kabisa, zungusha kidogo kidogo, soma kila mara, na pale namba ilipo ndogo kuliko zote chora alama. Toka siku hiyo alama ielekee mbele daima.

Viputo ndivyo vinavyosumbua zaidi. Usitikise chupa, ipindue polepole mara kadhaa, na umimine maji yakipita ukutani mwa kuveti. Maji ya robine yakitoka meupe kama maziwa, yaache kwenye glasi: yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa. Hapo ngoja. Ila maji ya mvua yenye mchanga hayangojei, maana tope linazama wakati wewe unasubiri. Yapindue na usome mara moja.

Namba yenyewe inakuambia tatizo. Ikiruka juu na chini, ni viputo. Ikishuka taratibu kwa maji machafu, tope linazama. Ikipanda taratibu, kwa kawaida sampuli ni baridi na kioo kinashika unyevu nje: acha maji yafikie joto la chumba, futa, rudia. Soma mara tatu na uandike ya katikati, si ile inayokupendeza.

Kuhusu kalibrasheni, yaani kurekebisha mashine kwa kitu chenye NTU inayojulikana: formazini, kimiminika cha kulinganishia, ya 4000 NTU inatunzika, lakini ukiipunguza hadi NTU chache tumia siku hiyo hiyo. Vaa glavu, ina haidrazini, kemikali ya sumu. Vichupa vya jeli vilivyofungwa, vyenye NTU inayojulikana, ni vya kuhakiki tu, usikalibrishe navyo.

Na kama kazi yako ni klorini kwenye bidoni, jua mpaka wako: chini ya 5 NTU wakati wa dharura, chini ya 1 inapowezekana. Bomba la plastiki lenye alama chini, lile unalojaza maji na kutazama alama kutoka juu, halisomi chini ya 5. Litakuambia maji yamepita au hayajapita kwenye 5, basi. Kati ya 1,4 na 3,1 unahitaji mashine na kuveti safi.