Maswali na majibu: Bia yangu inapikwa kwa mwenzangu

Tangu niseme hapa kwamba bia yangu ya chupa siku hizi napikisha Dar es Salaam kwenye kiwanda cha mwenzangu, na jiko langu la hapa Mtwara nimelibakizia zile lita 500 za mapipa ya kegi kwa wiki, maswali yananidondokea kama mabibo ya Novemba. Zaidi ya nusu yanauliza "mtaji shilingi ngapi?" na kuishia hapo. Muulizaji hasemi anataka kupika nini, lita ngapi, wala atamuuzia nani. Hayo sijibu tena. Nilishayajibu mara tatu, na wiki iliyofuata wakauliza walewale. Yaliyobaki nimeyapokea, hata ya kunisema.

Shikamoo mzee. Korosho zimenilipa vizuri mwaka huu. Ninunue matangi nifungue kiwanda, au nianze kwa kupikisha kama wewe? (Kijana, Tandahimba)

Marahaba. Matangi usiyaguse kwanza. Tangi la chuma kisichoshika kutu halina likizo: liwe na bia au liwe tupu, linataka kuoshwa kwa dawa, linataka ubaridi, na linataka mtu wa kuamka saa nane za usiku umeme ukikatika. Jiulize kama kuna watu watakaoinywa bia yako mara ya pili. Mara ya kwanza wanakunywa kwa sababu ya ujirani na jina la baba yako.

Wakubwa wenyewe walipitia njia hiyo. Boston Beer ya Marekani, wenye Samuel Adams, ilianzishwa mwaka 1984 na bia yake ikapikwa Pittsburgh kwenye kiwanda cha wengine, huku mwenyewe Jim Koch akizunguka baa za Boston na chupa kwenye mkoba. Brooklyn Brewery walianza mwaka 1988 wakipikisha Utica, zaidi ya kilomita 300 kutoka Brooklyn, na kiwanda chao pale mjini hawakukifungua mpaka 1996. Miaka minane wanauza bia bila sufuria yao.

Lakini usidhani kupikisha ni nafuu. Kiwanda kikubwa hakiwashi jiko kwa lita 300. Tuseme kima chao cha chini ni lita 5,000. Kwenye karatasi hizo ni chupa 10,000 za nusu lita. Toa mashapo ya hamira, toa inayobaki kwenye mabomba na inayomwagika wakati wa kujaza, andika 9,000 ndipo ulale. Sasa niambie, chupa 9,000 utamuuzia nani Tandahimba mwezi wa nne? Wewe na mimi tunajua pesa ya huku inakuja na minada. Korosho zikiwa mnadani hata asiyekunywa anaagiza kreti. Minada ikifungwa watu wanarudi kwenye tembo la mnazi, na bia isiyopashwa moto baada ya kujazwa haisubiri mpaka msimu mwingine. Mzigo wako wa kwanza upikwe mwezi wa tisa, ukukute na wateja wenye pesa.

Nitumie resipi ya ile bia yako nyeusi. (Masasi)

Nitumie kwanza namba yako ya siri ya M-Pesa.

Mimi ni mwalimu, napika nyumbani lita 20 za bia ya ngano. Wenzangu wa stafu wanaisifu kwa harufu yake ya ndizi. Kiwanda kikinipikia lita 5,000, si nazidisha kila kitu mara 250? (Nachingwea)

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi na bia yako itaharibika.

Harufu ya ndizi inatoka kwa hamira, na hamira ni kiumbe, haijui jedwali la kuzidisha. Kwenye ndoo yako inabeba kina kidogo tu cha bia juu yake. Kwenye tangi la kiwanda lenye kimo cha mita kadhaa inakandamizwa na bia yote iliyo juu yake, pamoja na gesi inayozalishwa humo, na ikikandamizwa hivyo harufu za matunda hupungua. Wateja watapewa bia ya ngano isiyo na ndizi. Hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, nazo vilevile. Sufuria yako inapoa upesi, ila ya kiwanda inakaa na moto wake muda mrefu wakati maji ya kimea yanazungushwa ili mashapo yatulie, na muda wote huo hopsi zinaendelea kutoa uchungu. Zidisha mara 250 utakunywa mwarobaini. Ndiyo maana unaomba mzigo mdogo wa majaribio, unaonja, unarekebisha, unaonja tena, na wewe mwenyewe uwepo pale. Usitume ujumbe.

Ualimu si kizuizi. Mikkel Borg Bjergsø wa Denmark alikuwa akifundisha hesabu na fizikia alipoanzisha Mikkeller mwaka 2006. Kiwanda hakuwa nacho, alipika kwenye matangi ya watu. Ninaowaogopa ni hao wenzako wa stafu: kama wanakulipa, acha leo. Kuuza bia bila leseni, na TBS, watu wa viwango, hawaijui, ni kesi, na sifa za harufu ya ndizi hazitakusaidia mbele ya hakimu.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: nenda BRELA, kwa wasajili wa biashara, kabla hujamwonyesha mtu yeyote lebo. Kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Kila mwezi napata mtu aliyechanganya hayo mawili. Jina halimzuii mwenye kiwanda kuendelea kupika bia yako kwa lebo yako siku mkigombana. Alama ndiyo inayomzuia. Ya Tanzania Bara inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha unaihuisha kwa miaka 10. Na haivuki bahari: Zanzibar wana usajili wao.

Mwanangu, ule mzigo wa kabla ya Ramadhani ulinuka siagi. Wateja wamenirudishia chupa. Hasara ya nani? (Mama mwenye baa, Lindi mjini)

Shikamoo mama. Hasara ni yangu.

Chupa ya kwanza niliifungua Mikindani nyuma ya gari, jua la saa kumi, dereva akinitazama. Glasi haijafika mdomoni nikasikia harufu ya bisi zilizomiminiwa siagi. Nikafungua ya kreti nyingine. Nikafungua ya tatu, ya lebo ya mwisho kabisa kwenye mzigo. Zote bisi. Dereva akauliza kama ni ladha mpya.

Kinachotokea ni hiki. Hamira ikichachusha inaacha kitu chenye ladha ya siagi, na ukiipa siku mbili tatu za ziada kwenye joto kidogo inakirudia na kukila yenyewe. Bia yangu haikupewa siku hizo. Kiwanda kilikuwa na bia yake inasubiri tangi, kikaipoza yangu mapema, kikaitoa. Nilipopiga simu nikajibiwa kwamba mzigo uko ndani ya mkataba. Na kweli ulikuwa ndani ya mkataba! Nilikuwa nimeandika kilevi, rangi na ujazo, siagi sikuitaja hata kwa neno moja. Na siku inatolewa tangini mimi nilikuwa huku, nimekaa barazani nasubiri lori, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye bia yangu. Watu wananiuliza bei ya kupikisha. Mimi siku hizi naanza kwa kuwauliza kama wana nauli ya basi.

Mkataba wa sasa ni mwingine. Tangi langu halipozwi mpaka sampuli ipashwe moto nyuzi 60 kwa dakika 20, ipozwe, inuswe, maana siagi iliyojificha hujitokeza hapo. Imeandikwa mzigo ukiharibika kabla ya kuvuka geti ni wa nani, na baada ya geti ni wa nani. Hamira ni yangu na haipewi bia ya mtu mwingine. Chupa 12 za kila mzigo zinawekwa, sita kwao sita kwangu, ili tukibishana tubishane na chupa mkononi. Na zamu yangu haisogezwi bila notisi ya maandishi. Hilo la mwisho tulivutana wiki tatu nzima, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mwenye kiwanda ana bia yake. Sikukuu zikikaribia, ile ndiyo mwanawe wa kumzaa, yako ni ya kufikia.

Mama, kreti zako saba zinakuja Alhamisi. Nakuomba jambo moja, si kujitetea: chupa usizipange dirishani. Jua likizipiga hopsi zilizomo, bia inatoa harufu ya kicheche, na hiyo nayo nitalaumiwa mimi.

Nina ekari 6 za muhogo na nyumba kubwa ya tofali. Nijenge hapa kiwanda cha bia ya muhogo? (Newala)

Newala! Kaka, maji utayatoa wapi? Kiwanda kinachojiheshimu kinakula lita 4 mpaka 6 za maji kwa lita moja ya bia, vidogo vinazidi hapo, na mengi ni ya kuoshea. Sisi wa uwanda wa Makonde tumelelewa na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Leo uende ukaoshee matangi?

Wazo la muhogo lenyewe si baya. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Nampula, Cervejas de Moçambique walianza kuuza bia ya muhogo, Impala, mwaka 2011. Tazama walivyofanya. Muhogo ukishang'olewa unaanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtambo wa kuusaga ulipandishwa kwenye lori ukafuata mashamba, na kilichokwenda kiwandani ni wanga uliokamuliwa. Wewe shika upande huo. Usage muhogo wako hapo hapo, uwe safi na mkavu, umpelekee mwenye maji akupikie.

Kiwanda cha bia kinaweza kunipikia uraka, pombe yetu ya mabibo, nami niutie kwenye chupa? (Mtama, Lindi)

Hakuna mwenye kiwanda cha bia mwenye akili zake atakayeruhusu mabibo mabichi karibu na matangi yake. Yanakuja na hamira za porini na vijidudu vinavyojificha kwenye mipira ya mabomba, na kuvitoa ni kununua mipira mipya. Tena juisi ya mabibo haisubiri lori: unaikamua asubuhi, jioni imeshaanza kupanda. Ukitaka kweli, kamua pale pale chini ya mikorosho, tumia uji mwepesi wa mchele kushika ukakasi na kuutuliza chini, chuja, pasha moto, funga. Kisha mtafute mwenye kiwanda cha mvinyo. Uraka ni ndugu wa mvinyo, kimea hakimo.

Na hapa niache nipige kelele kidogo. Kila korosho tunayoigombania bei imeng'olewa kwenye bibo lenye uzito wa mara tano mpaka kumi ya hiyo korosho. Bibo tunaliachia nzi. Goa, India, wanatumia mabibo kutengeneza pombe yao ya feni, na mwaka 2009 waliisajili jina lake lilindwe kama bidhaa ya kwao. Mikorosho yao na yetu ilitoka Brazili ikiletwa na Wareno walewale.

Sijasema gongo. Nimekuona. Ukishaweka uraka kwenye pipa lenye bomba, umetoka kwenye safu hii umeingia kituo cha polisi, na kuna watu wamepoteza macho kwa kinywaji hicho.

Mzee, kazi yako si haramu? (Mtwara)

Muulize shehe wako. Akikujibu usije kwangu kutafuta jibu la pili.

Lebo inasema "Bia ya Mtwara" nayo inapikwa Dar. Huo si utapeli? (Mikindani)

Geuza chupa, ndugu yangu. Nyuma imeandikwa "Imepikwa na kujazwa Dar es Salaam", kwa herufi zisizohitaji miwani. Nilibishana na mchoraji wa lebo aliyetaka nizipunguze. Resipi imezaliwa hapa, mimi nipo hapa, na wanaoionja kabla haijaenda huko ni watu wa hapa, kwa hiyo Mtwara nitaendelea kuiandika.

Wanaoficha siwaelewi. Tangu mwaka 2019 chupa ya bia ina stempu ya kielektroniki ya TRA, na mtu mwenye simu anaihakiki akiwa amekaa baa. Ushuru wa bidhaa nao unahesabiwa bia inapotoka kiwandani, haingoji inywewe, kwa hiyo karatasi za kiwanda kilichoipika zipo na zinajulikana. Wanaopikisha, hilo la ushuru mliweke kichwani: serikali inadai kabla baa haijakulipa. Nimeona mtu ana bia nzuri, ana wateja, na mzigo umelala getini kwa sababu hela ya ushuru alinunulia friji.

Ukihamishia bia Dar, machicha ya kimea ya nguruwe wangu je? (Mfugaji, Naliendele)

Ya Dar yanabaki Dar. Yakiwa mabichi hayakai zaidi ya siku moja mbili kwa joto letu, na sitalipia lori libebe machicha yaliyochacha. Ya jiko la hapa bado ni yako, kila Jumatano. Njoo kabla ya saa tisa, na zile ndoo zangu mbili urudishe. Ile ya bluu iliyotoboka uje na nyingine.